Apendaye Motokaa Anaishi kwa Nini?

Mtoto wa vilima vya Masisi hujua kuunda motokaa kabla hajajua kusoma. Huokota waya wa zamani, kopo la samaki, na ndala zilizokwisha chakaa. Waya ndio mwili, kopo ndilo sanduku la mizigo, na ndala hukatwa ziwe magurudumu. Kisha hufunga kijiti kirefu chenye usukani, akaenda nayo njia nzima toka mtoni hata nyumbani, akinguruma kwa midomo yake kama lori linalopanda mlima. Hakuna aliyemwamuru kuiunda, wala hakuna atakayemlipa. Anaipenda, basi.

Miaka hupita. Mtoto yule amekuwa mtu mzima, ana mke, ana watoto, ana karo ya shule ya kulipa. Waya umekwisha tupwa jalalani, lakini kupenda kungali moyoni. Akisikia lori kwa mbali, anajua ni la namna gani kabla halijatokea kwenye kona. Akiona pikipiki imesimama njiani, hawezi kupita bila kuinama aitazame. Ndipo linapozaliwa ulizo tunalotaka kulichungua, wasomaji wapendwa: mtu wa namna hii anaishi kwa nini? Je, yafaa apate mkate wake kutoka kwa kitu kile kile anachokipenda? Au yafaa autafute mkate mahali pengine, na kile anachokipenda akiwekee saa za kupumzika?

Labda mtu atacheka, aseme: Hilo ni ulizo la matajiri wa Ulaya, wenye motokaa tatu chini ya paa moja. Sivyo. Huku kwetu ulizo hili hugharimu ng'ombe wa baba na shamba la mama, na mara nyingine hugharimu roho ya abiria. Kwa hiyo linastahili kufikiriwa kwa makini. Nami nikisema motokaa, nataka kutaja pia lori, na pikipiki ambayo watu wetu huiita moto, na hata chukudu yetu ya mti. Maana upendo ni ule ule, wa kitu chenye magurudumu kinachomchukua mtu mbali kuliko miguu yake.

I. WATU WATATU, NJIA TATU

Tuanze na mfano wa mbali. Mwaka 1896, katika mji wa Detroit huko Marekani, mtu aitwaye Henry Ford alimaliza kuunda motokaa yake ya kwanza. Wakati ule hakuishi kwa motokaa hata kidogo. Alikuwa fundi mkuu katika kampuni ya umeme ya mji ule. Aliilinda mitambo ya umeme kwa mshahara, na katika saa zake mwenyewe aliingia katika kibanda nyuma ya nyumba yake, akafua chuma na kupima na kujaribu. Motokaa ilipokwisha ilionekana kuwa pana kuliko mlango, ikambidi kubomoa ukuta kwa shoka ili itoke. Mwaka 1899 aliiacha kazi ya umeme, na mwaka 1903 ikaanzishwa kampuni yenye jina lake. Basi, kwa miaka mingi umeme uliilisha motokaa. Baadaye motokaa ikamlisha yeye.

Tuje sasa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1953 lilianzishwa shindano la motokaa lililopita katika Kenya, Uganda na Tanganyika, ambalo baadaye likajulikana duniani kote kwa jina la Safari. Matope yake na vumbi lake vilivunja motokaa nyingi kutoka Ulaya. Katika shindano hilo alivuma Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho nchini Kenya mwaka 1932. Baba yake alikuwa na garaji, naye kijana akajifunza kazi humo. Mwaka 1958 akaajiriwa na chama cha wenye motokaa cha Afrika ya Mashariki, awe mtu wa kwanza wa chama hicho kuzunguka barabarani na kuwasaidia waliokwama. Mwaka 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo iliyokuwa imekwisha tumika. Akashinda tena mwaka 1974 na mwaka 1976. Katika Safari 22 alizoingia, alifika mwisho mara 19. Hilo la mwisho ndilo kubwa kwangu kuliko ushindi wake, maana fundi wa kweli hutambulikana kwa kufika.

Mtu wa tatu ni Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda mwaka 1945 katika ukoo wa wafanyabiashara wenye mali. Yeye hakuhitaji kuziba mipira ya watu ndipo apate kuishika motokaa. Alishinda Safari mwaka 1973, na tena miaka minne mfululizo, toka 1979 hata 1982.

Tazameni, wasomaji: watu watatu waliopenda kitu kimoja, na kila mmoja ana njia yake. Mmoja aliishi kwa kazi nyingine, na motokaa ikawa pumziko lake. Mmoja aliishi kwa motokaa zenyewe, akizitengeneza na kuwaokoa waliokwama. Mmoja alizaliwa mwenye kitu. Nani atasema kwamba mmoja wao alitenda vema na wenzake wakakosa, kwa sababu ya njia hiyo tu? Basi, si njia inayoamua. Lazima tutafute kitu kingine kinachoamua, nacho tutakiona vizuri zaidi tukirudi nyumbani.

II. HUKU KWETU

Katika Masisi watu wengi huishi kwa ng'ombe, maharagi, viazi na jibini. Katika Walikale, eneo lililo kubwa kuliko maeneo yote ya Kivu ya Kaskazini, huishi kwa msitu, kwa mihogo na ndizi. Na katika pande zote mbili huishi kwa machimbo. Hakuna kiwanda cha motokaa, wala kampuni ya kumlipa kijana mshahara kila mwezi ili jioni acheze na injini yake. Kwa hiyo wapendao magurudumu huku wamegawanyika katika makundi, nami nitayataja jinsi yalivyo.

Kundi la kwanza ni mafundi. Garaji yao mara nyingi ni turubai lililofungwa kwenye mikalitusi kando ya barabara, na sanduku la funguo lisilofikia funguo ishirini. Mwanafunzi hukaa miaka bila mshahara. Huosha vyuma kwa petroli, hushika taa, hutumwa dukani kununua buji au mnyororo. Mwalimu wake ni macho yake. Siku atakapotega sikio kwenye injini na kusema ugonjwa wake bila kuifungua, siku hiyo amehitimu, ingawa hana karatasi.

Kundi la pili ni waendeshao moto na malori. Wengi wa vijana wa moto hawamiliki ile wanayoiendesha. Mwenye moto yuko mjini, naye lazima apelekewe fungu lake, mvua inyeshe isinyeshe. Kinacholiwa na kijana ni kile kilichobaki baada ya fungu la mwenye moto, petroli ya chupa ya wale tuwaitao makadafi, na vizuizi. Mwaka 2017 watafiti walihesabu vizuizi vya barabarani karibu 800 katika Kivu zote mbili, na katika vingi vyao apitaye hudaiwa fedha. Vita navyo vimeongeza taabu. Rubaya ilitwaliwa na M23 mwaka 2024, Goma mwezi wa Januari 2025, na Walikale mjini iliingiwa mwezi wa Machi 2025, kisha wakatoka mwezi wa Aprili. Kila mara jambo kama hilo linapotokea, barabara hufungwa, na aishiye kwa barabara huona njaa siku ile ile.

Kundi la tatu ni watu wa chukudu. Mgeni akiiona chombo hiki huifikiri ni mchezo wa watoto, kwa kuwa ni ubao mrefu wenye magurudumu mawili ya mti. Lakini chukudu iliyoundwa vema hubeba kilo 300 na zaidi. Mwili wake ni mkalitusi, magurudumu yake yamevikwa mpira uliokatwa kutoka mipira ya motokaa iliyokwisha kazi, na breki yake ni kipande cha mpira ambacho mwendeshaji hukikanyaga kwa mguu kikabana gurudumu la nyuma. Katika kupanda huisukuma kwa jasho. Katika kushuka humbeba yeye na viazi vyake pamoja. Mji wa Goma umeiwekea sanamu yenye rangi ya dhahabu katikati ya njia panda. Kwa haki! Maana aliyeunda chukudu ya kwanza hakuwa na chuma wala petroli. Alikuwa na shoka, mti, na moyo uliopenda gurudumu. Naye akaulisha mji.

Kundi la nne ni wale wapatao mkate wao kwingine. Muuguzi, mwalimu, muuza jibini, hata mkatekista anayezungukia vigango vyake: huyu ana moto moja ambayo huiosha Jumamosi kama ng'ombe wa kupelekwa sokoni. Mshahara wa mwalimu huchelewa, lakini moto haikosi mafuta mapya ya injini. Mkewe hulijua hilo, na wakati mwingine hunyamaza.

Kundi la tano ndilo linalonitia mashaka. Ni vijana washukao machimboni kwa sababu moja tu: wapate moto. Katika miaka ya kwanza ya karne hii, mawe ya kasiteriti yalipovumbuliwa Bisie huko Walikale, maelfu ya watu waliingia msituni. Wachukuzi walitembea kilometa zaidi ya 40 kwa miguu katika tope na mizizi, na gunia la kilo 50 mgongoni, mpaka Njingala penye barabara. Na kule Kilambo, kwa kuwa hapakuwa na uwanja, ndege zilishuka juu ya kipande cha lami cha barabara yenyewe ili kuyachukua mawe hayo mpaka Goma. Fikirini jambo hilo: barabara ikawa ya ndege, na mtu akawa lori. Kati ya wachukuzi hao kulikuwa na vijana waliohesabu kila safari kama sehemu ya bei ya moto: safari hii ni gurudumu, safari ile ni taa. Wengine waliipata. Wengine walirudi na mgongo mbovu na mikono mitupu.

III. SWALI LILILOFICHWA NDANI YA ULIZO

Sasa tuulize. Katika makundi haya matano, ni lipi linalotenda vema? Nimekwisha sema kwamba njia peke yake haiamui. Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni neno hili: nani anayelipa gharama ya upendo wangu?

Kila kitu kinachopendwa kina gharama. Haiwezekani kupenda motokaa bure. Kuna fedha, kuna saa, kuna hatari, kuna moyo unaochukuliwa mahali pengine wakati mke anazungumza. Gharama hiyo lazima ilipwe na mtu. Mtu yule akiwa ni mimi mwenyewe, na nikilipa kwa kile kilicho changu kweli, upendo wangu ni safi, hata kama ni wa kitu kidogo kama pikipiki ya zamani. Lakini kama anayelipa ni mtu mwingine ambaye hakuulizwa, basi ninachokiita kupenda kina jina jingine, nalo ni dhuluma.

Mrudieni Ford katika kibanda chake. Fedha ilikuwa mshahara wake, na usingizi uliopotea ulikuwa wake. Mrudieni Joginder barabarani. Alilipa kwa mikono yake, na zaidi ya hayo upendo wake ulikuwa faida kwa aliyekwama usiku. Na mwenye mali ya ukoo, kama ukoo umekubali na nyumbani hakuna alalaye njaa, yeye naye hana deni.

Lakini mtazameni kijana amwambiaye mama yake: Uza ng'ombe, ninunue moto, nitakulisha. Hapa lazima tupambanue. Kama mama ameelewa hatari yake, na kijana amejifunza kazi, na wamepatana jinsi ng'ombe atakavyorudishwa, hiyo ni biashara ya halali baina ya mzazi na mtoto. Lakini kama moyo wa kijana uko katika moto na neno la kulisha ni kifuniko tu, basi mama ndiye anayelipa mchezo wa mwanawe. Na ng'ombe katika Masisi si fedha tu. Ni maziwa ya mtoto mdogo, ni mahari ya ndugu, ni dawa ya siku mbaya.

Mtazameni pia fundi. Kwa kuwa anapenda injini, hutamani kuifungua hata ile isiyohitaji kufunguliwa. Anataka kuona ndani yake kuna nini. Shauku hiyo ni njema, ndiyo iliyomfanya awe fundi. Walakini akiifungua kabureta ya mteja ili aijaribu akili yake, kisha amdai mteja bei ya majaribio yake, mteja amelipa mchezo wa fundi. Akitaka kujifunza, na ajifunze kwa chuma chake mwenyewe.

Na mwendeshaji anayependa kasi? Mteremko toka Masisi kwenda Sake unajulikana. Akiwa peke yake, tutamwonya kwa ajili ya roho yake. Akiwa amembeba mama mwenye mtoto mgongoni, na huku anashindana na mwenzake, tusiseme kwamba anapenda moto kupita kiasi. Tuseme wazi kwamba amemweka mama yule na mtoto wake kama fedha mezani, akachezea kamari ambayo wao hawakuingia.

IV. MAPINGAMIZI

Pingamizi la kwanza. Mtu atasema: Kupenda motokaa ni anasa. Mwenye akili atumie motokaa, lakini asiipende. Katika nchi yenye vita na njaa, mchezo ni dhambi.

Jibu. Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, alilichungua jambo hili. Alifundisha kwamba roho ya mtu huchoka kama mwili unavyochoka, na dawa ya uchovu wake ni furaha ya kiasi. Akakumbusha kisa cha zamani cha Mtume Yohane. Watu fulani walichukizwa kumwona akicheza na wanafunzi wake. Mtume alimwomba mmoja wao avute upinde na kupiga mishale, kisha akamwuliza kama aweza kuvuta hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo na moyo wa mtu, alisema Mtume. Lakini Thomas aliweka mipaka mitatu: mchezo usiwe wa aibu wala wa kumdhuru mtu, usiivunje kabisa akili ya mchezaji, nao upatane na mtu, mahali na wakati. Basi, mwalimu wa Masisi anayeisafisha moto yake Jumamosi hafanyi dhambi. Pengine saa ile ndiyo inayomzuia asivunjike. Lakini akiisafisha wakati mtoto ana homa na dawa haijanunuliwa, mpaka wa tatu ameuvuka.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Mtu atasema: Ukiuza unachokipenda, utakichukia. Fundi aliyependa injini akiwa mtoto, baada ya miaka kumi ya tope na wateja wasiolipa, hataki tena kuisikia. Afadhali mkate uwe upande mmoja na upendo upande mwingine.

Jibu. Ni kweli kwamba kazi huuondoa utamu wa kwanza. Lakini utamu wa kwanza si upendo wote. Mume na mke wanajua hayo. Papa Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi, alifundisha kwamba thamani ya kazi hupimwa kwanza kwa mtu aifanyaye, si kwa kitu kinachofanywa. Fundi aliyechoka, ambaye hata hivyo anakaza kila skrubu kwa sababu anajua gurudumu lile litapita kwenye ukingo wa bonde, hajapoteza upendo. Upendo wake umetoka katika chuma ukawahamia watu watakaopanda. Tena tusisahau kwamba kuchagua ni neema isiyowafikia wote. Mahali penye mishahara, mtu huweza kupenda motokaa bila kuiuza saa yake hata moja. Mahali pasipo mishahara, mtu huuza alicho nacho, na kama alicho nacho ni ustadi wa injini, atauza huo. Tusimlaumu.

V. WALE WA MBALI NAO

Kama kipimo chetu ni cha kweli, lazima kiwapime watu wote, si maskini wa Masisi peke yao.

Katika Ulaya na Marekani wako wengi wapendao motokaa kwa moyo. Mmoja ni karani, mwingine ni mganga, mwingine ni mjenzi. Siku tano huishi kwa kazi hiyo, na siku ya sita huingia garaji yake. Ukimwuliza, Nani analipa gharama ya upendo wako? atakuonyesha hati ya malipo, aseme: Mimi, kwa fedha yangu. Naye husema kweli kama ajuavyo.

Lakini motokaa ya siku hizi si chuma na mpira tu. Imejaa vyombo vya umeme. Katika vyombo hivyo mna vidude vidogo vya kutunzia umeme, na baadhi yake hutengenezwa kwa tantalamu itokayo katika koltani. Na nyaya zake na vipande vyake huunganishwa kwa bati litokalo katika kasiteriti. Inakadiriwa kwamba machimbo ya Rubaya, katika Masisi, hutoa karibu asilimia 15 ya tantalamu ya dunia nzima. Kule Bisie kampuni ilianza kuchimba kwa mitambo mwaka 2019, na bati lake limefikia karibu asilimia 6 ya bati la dunia. Basi yawezekana kabisa kwamba ndani ya motokaa ile nzuri iliyong'arishwa Jumamosi mna chembe ya mlima wetu. Na chembe ile ilitolewa na kijana aliyeingia shimoni kwa sululu na tochi, bila kofia ya chuma, akaibeba begani, ikatozwa njiani na mwenye bunduki. Hati ya malipo haikuandika hayo.

Je, karani yule ana dhambi? Asiyejua, na asiyeweza kujua, hahesabiwi kosa. Lakini kadiri mtu anavyoweza kujua ndivyo anavyowajibika. Ndiyo sababu Marekani ilitunga sheria mwaka 2010 ya kuzitaka kampuni kubwa zieleze madini hayo yametoka wapi, na Ulaya nayo ina sheria ya kuwataka waingizaji wayachunguze, iliyoanza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2021. Sheria hizo zina mapungufu, wala hazijaleta amani. Lakini zimekiri neno moja kubwa: bei iliyoandikwa dukani si bei yote. Nami naona ajabu katika jambo hili. Kijana wa Rubaya huchimba ili anunue moto, na karani wa mbali hununua motokaa iliyotokana na shimo lile. Hawajaonana, wala hawataonana. Wote wawili wanapenda gurudumu. Lakini mmoja analipa mara moja, na mwingine analipa mara mbili: kwa upendo wake mwenyewe, na kwa sehemu ya upendo wa mwenzake.

VI. MASHAURI

Sasa niseme kwa ufupi yatufaayo.

Kwenu vijana. Kupenda motokaa si aibu, msimsikilize anayewacheka. Lakini jifunzeni kazi kabla ya kununua chombo. Mwenye ustadi bila moto ataitwa. Mwenye moto bila ustadi ataiuza bei ya hasara kabla ya mwaka kwisha. Na kama hesabu zinaonyesha kwamba mkate wenu uko katika shamba, au katika shule, au katika ng'ombe, ukubalini mkate huo kwa heshima. Mtume Paulo alishona mahema apate kuishi, na watu hawamkumbuki kwa mahema.

Kwenu mafundi. Mnao wanafunzi chini ya turubai lenu. Mtoto anayeosha vyuma vyenu miaka mitatu bila kufundishwa neno, huyo ndiye analipa faida yenu. Mfundisheni. Na mwambieni mteja ukweli hata kama ukweli huo hauna fedha: Moto yako ni nzima, nenda zako.

Kwenu wenye moto na malori. Fungu mnalodai kila siku, mlipime na hali ya barabara. Siku barabara imefungwa kwa risasi, kudai fungu lote ni kumlazimisha kijana apite penye kifo, au aende mbio ili alifidie kesho. Akianguka, msiseme ni kasi yake tu iliyomwangusha.

Kwenu wazazi. Mkimwona mtoto anaunda motokaa ya waya, msiivunje kwa hasira eti anachezea wakati. Mpeni kazi yake, aimalize, kisha mwacheni. Mwulizeni jinsi usukani unavyogeuza magurudumu, na ataelezea. Katika saa ile anajifunza kupima, kuvumilia, na kurekebisha alichokosea, mambo ambayo kitabu huyasema tu.

Na kwetu sote, tupendao kitu chochote, ikiwa ni motokaa, au ng'ombe, au ngoma, au vitabu. Tusijisumbue sana kujiuliza kama kitu hicho kinatulisha au hakitulishi. Kila mtu ana njia yake, na nyakati nyingine njia haichaguliwi. Tujiulize kila jioni lile swali jingine, lililo zito zaidi: leo, kwa kupenda kwangu, nani amelipa? Nikijibu, Ni mimi, nilale kwa amani. Nikijibu, Ni mwingine, basi kabla ya kesho kuna deni la kurudisha, na nalirudishe kwake kwanza kabla ya kununua hata buji moja.